Ndugu yako amekamatwa Dar: namna ya kumtafuta, kumwona na kumtoa

Simu huwa inaingia usiku, na anayepiga siyo aliyekamatwa. Ni jirani, au kijana wa kijiweni: "Kaka, mdogo wako wamembeba na difenda hapa Tandale, sijui wamempeleka wapi." Kabla hujauliza la pili, salio lake limekwisha. Ukimpigia mdogo wako mwenyewe, hapatikani.

Wengi hapo wanaanza kupiga simu kwa kila mtu wanayemjua mwenye shemeji polisi. Piga ukitaka, lakini jua kwamba mtu aliyeshikwa huandikwa kitabuni kila anapofikishwa. Kituoni ana kitabu chake, mahakamani ana jalada, gerezani ana kitabu kingine. Ukitaka kumpata, fuata maandishi hayo kwa miguu yako.

Kabla hujatoka nyumbani

Tafuta majina yake matatu kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Hili wengi hulidharau. Mjini hapa mtu anaweza kuishi miaka kumi mtaa mmoja akijulikana kama Baba Shani au Mudi Fundi, na mwenye nyumba wake mwenyewe hajui jina lake la pili.

Mtoto wa baba yangu mdogo mtaani anaitwa Chidi. Mwaka aliposhikwa, nilizunguka vituo vitatu usiku kucha nikiulizia "Chidi Athumani", na kote nikajibiwa hayupo. Asubuhi nikarudi kituo nilichoanzia. Zamu imebadilika, yuko askari mwingine. Akapitisha kidole kwenye kurasa taratibu, akasimama katikati ya mstari, akaniuliza, "Huyu Rashidi Athumani Mfaume si wa kwenu?" Alikuwa nyuma ya ule mlango wa bati tangu saa tatu ya usiku uliopita, hatua kumi kutoka niliposimama mara ya kwanza. Hakuna aliyenidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza jina ambalo halikuandikwa.

Kwa hiyo beba majina yote: la kitambulisho, la utani, na la babu. Beba picha yake kwenye simu, umri wake, nguo alizovaa, mahali aliposhikwa na saa. Ukipata mtu aliyeshuhudia, muulize kama waliomchukua walivaa sare, gari lilikuwa la aina gani, na kama walisema wanampeleka wapi. Chukua kitambulisho chako, daftari na kalamu, na uhakikishe simu ina chaji. Kama anatumia dawa za kisukari, presha, kifafa au ARV, beba dawa zenyewe pamoja na kadi ya kliniki.

Usiende peke yako kama una namna. Mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa akikusindikiza, mazungumzo ya kaunta huwa mafupi zaidi. Akishindwa, nenda na mtu mzima mtulivu wa familia. Yule shemeji mwenye hasira za karibu abaki nyumbani.

Uanzie kituo gani

Jeshi la Polisi Dar es Salaam ni Kanda Maalum yenye mikoa mitatu ya kipolisi: Ilala, Kinondoni na Temeke. Wilaya za kiserikali ni tano, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kipolisi Ubungo iko Kinondoni, na Kigamboni iko Temeke.

Anzia kituo kilicho karibu na mahali aliposhikwa, hata kama anaishi upande mwingine wa jiji. Aliyeshikwa Kariakoo, ulizia Msimbazi kwanza. Wa Posta na Kivukoni, Kituo Kikuu, pale karibu na stesheni ya reli. Sinza na Mwenge, anzia Kijitonyama, pale Mabatini. Manzese na Shekilango, Urafiki. Masaki na Msasani, Oysterbay. Gongo la Mboto na Ukonga, Stakishari. Temeke, Chang'ombe.

Vituo vidogo vya mtaani vingi havilazi mtu. Wanamwandika, kisha jioni gari linapita kuwakusanya na kuwapeleka kituo kikubwa. Ukiambiwa "alikuwepo, kahamishwa", usiondoke na jibu hilo peke yake. Uliza amehamishiwa wapi, saa ngapi, na kwa kesi gani, uandike. Na kama kosa lenyewe limeripotiwa Mbagala lakini yeye kakamatiwa Kimara, kuna uwezekano mkubwa amepelekwa Mbagala, kwenye jalada lake.

Si kila anayebebwa yuko polisi. Mmachinga aliyechukuliwa na mgambo, anza na ofisi ya halmashauri husika. Wa rushwa huenda yuko TAKUKURU. Mgeni asiye na kibali, ulizia Uhamiaji Kurasini. Na usisahau hospitali: Amana, Mwananyamala, Temeke, Muhimbili. Wapo waliotafutwa selo siku mbili kumbe waligongwa na gari.

Pale kaunta

Vua kofia, zima muziki wa simu, subiri zamu yako. Msalimie askari wa zamu kama unavyomsalimia mtu mwingine yeyote mwenye kazi yake.

"Habari za kazi, afande."

"Salama. Una shida gani?"

"Namtafuta mdogo wangu. Anaitwa Rashidi Athumani Mfaume, miaka ishirini na nne, amechukuliwa jana saa mbili usiku pale Tandale kwa Mtogole. Naomba uniangalizie kwenye kitabu cha mahabusu kama yupo."

Neno la muhimu hapo ni *kitabu*. Ukiuliza tu "mdogo wangu yupo?" utajibiwa kwa kumbukumbu ya kichwa, na zamu ya asubuhi haina kumbukumbu ya usiku. Ukiomba kitabu kiangaliwe, kitaangaliwa, au angalau utajua kwamba mtu kakataa kukiangalia.

Akikutwa yupo, pata mambo manne: kosa analotuhumiwa, namba ya jalada au RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha ripoti cha kituo), jina la mpelelezi wa kesi, na saa aliyoingizwa. Andika palepale. Mpelelezi ndiye mtu wako kuanzia sasa. Askari wa kaunta analinda mlango tu, hajui kesi inakwenda wapi. Omba namba ya simu ya mpelelezi na uulize anaingia kazini saa ngapi.

Kisha omba kumwona. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Polisi wanaweza kuzuia kwa muda wakiwa na sababu za msingi, mfano wanahofia mwenzake atatoroka au ushahidi utapotezwa. Ukikataliwa, uliza kwa adabu sababu ni nini, kisha uombe kuonana na mkuu wa kituo. Huyo watu humwita OCS, na juu yake yuko mkuu wa polisi wa wilaya, OCD. Kupanda ngazi siyo ukorofi. Ukorofi ni kupiga kelele kaunta, na kelele zinaweza kukuingiza selo ukawa wewe wa pili kutafutwa.

Mkionana mtapewa dakika chache, askari akiwa karibu. Usizitumie kumuuliza kama kafanya au hajafanya, maana kila kitu kinasikika. Muulize kama ameumia, kama amekula, kama ameshaandikisha maelezo, na nani ajulishwe kazini kwake. Mwambie asisaini maandishi ambayo hajayasoma au hajasomewa. Kama amepigwa, omba fomu ya PF3 ili akatibiwe, na uandike ulichokiona kwa macho yako pamoja na tarehe.

Chakula

Selo za polisi zinategemea ndugu kwa kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Peleka chakula kisicho na mambo mengi, kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko: wali na maharage, au chapati mbili na chai iliyopoa. Mifupa, chupa za kioo na uma wa chuma acha nyumbani. Askari atakwambia uonje kwanza mbele yake. Usione umetukanwa, onja kijiko kimoja cha wali na kimoja cha mboga, unywe na funda la maji. Mama mmoja niliyemkuta kaunta alikuwa amefunga na Ramadhani, ikabidi atafute kijana wa bodaboda pale nje aje amwonjee.

Weka kidogo cha ziada. Huko ndani hatakula peke yake, na ambaye hajaletewa kitu atakuwa anamtazama.

Dhamana ya polisi

Sheria inataka mtu ahojiwe ndani ya saa 4 tangu aanze kuwa chini ya ulinzi, muda unaoweza kuongezwa hadi saa 8 nyingine. Na aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoruhusu mambo mengi. Aliyeshikwa Ijumaa jioni hujikuta analala mpaka Jumatatu, kwa sababu mahakama imefungwa.

Lakini kwa makosa mengi kituo chenyewe kinaweza kumwachia kwa dhamana, na dhamana hiyo haina malipo. Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, aliagiza hadharani kwamba dhamana itolewe saa 24, siku zote za wiki, na agizo hilo lilitoka kwa sababu wananchi walikuwa wanalalamika. Unachotakiwa kupeleka ni mdhamini: mtu mzima mwenye kitambulisho, makazi yanayojulikana, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Anasaini kwamba atamrudisha mtuhumiwa siku na saa iliyoandikwa. Fedha inayotajwa kwenye karatasi ni ahadi, inadaiwa akikimbia.

Ukiombwa "hela ya karatasi" au "ya mafuta ya gari", sema hujajiandaa, uliza risiti itatoka kwa jina gani, kisha mtafute mkuu wa kituo. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, bila malipo. Najua wengi hutoa ili wamtoe mtu wao haraka, na sitajifanya sielewi kwa nini. Ila niliowaona wakitoa siku ya kwanza, walirudi kutoa siku ya tatu.

Na kuna matapeli wanaoishi kwa habari hizi. Saa chache baada ya jina la ndugu yako kusambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, atapiga "afande" fulani: jalada liko mezani kwangu, tuma laki mbili kwa namba hii kabla sijalipeleka mahakamani. Mwambie unakuja ofisini. Simu itakatwa.

Akipelekwa mahakamani

Hapa muda ndio unaoua. Mpelelezi akikwambia "kesho anapanda mahakamani", uliza mahakama ipi: ya Mwanzo ya eneo lenu, ya Wilaya, au ya Hakimu Mkazi Kisutu. Uwe pale kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Washtakiwa huletwa kwa karandinga na kuwekwa mahabusu ya mahakama, na ukiwa karibu na geti wakati wanashuka utamwona, naye atakuona, jambo ambalo kwa mtu aliyelala selo siku mbili ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Orodha ya kesi za siku hubandikwa ubaoni. Usipoona jina, nenda kwa karani. Chukua namba ya kesi, jina la hakimu na chumba. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, basi usiogope kuuliza. Ukitajiwa kifungu usichokielewa, omba uelezwe.

Wadhamini wawe wamekwishaandaliwa jana yake. Mara nyingi hutakiwa wawili, wenye vitambulisho, na barua kutoka serikali ya mtaa au kwa mwajiri. Kosa linalojirudia ni hili: familia inangoja masharti yatajwe mahakamani saa tano, ndipo inakimbilia Mbezi kufuata barua. Mtendaji kaenda kikaoni. Mnarudi na foleni ya Ubungo saa tisa, hakimu ameshainuka, karandinga limeshaondoka. Masharti yapo wazi lakini mtu kalala gerezani. Barua ya mdhamini haiozi, iandikisheni mapema.

Yapo makosa ambayo mahakama haitoi dhamana kwa mujibu wa sheria, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha. Kwa hayo tafuta wakili mapema, usipoteze hela za nauli za wadhamini. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na Chama cha Mawakili Tanganyika ni mahali pa kuanzia hapa mjini.

Keko, Segerea, Ukonga

Mahabusu wanaume wa Dar wengi wako Keko au Segerea. Wanawake, ulizia Segerea. Ukonga hasa ni ya waliokwisha kuhukumiwa. Hati aliyosaini hakimu imeandika gereza, kwa hiyo karani wa mahakama ndiye atakayekwambia, usiende kubahatisha. Segerea unapita Tabata, Ukonga iko njia ya Gongo la Mboto, Keko iko Temeke.

Siku za kutembelea zipo maalumu, na getini ndipo mahali pa kuthibitisha kabla hujamsafirisha bibi kutoka Chalinze. Nenda na kitambulisho na majina yale yale matatu. Simu hairuhusiwi kuingia nayo. Utaandikwa, utapekuliwa, utangoja, kisha mtaongea mbele ya askari kwa dakika chache. Mahabusu hajahukumiwa, anavaa nguo zake: mpelekee za kubadili zisizo na rangi za kijeshi, sabuni na dawa ya meno. Kuhusu chakula na fedha, uliza kwanza getini kinachopokelewa. Ukiacha hela, hakikisha imeandikwa kwa jina lake mbele yako. Barua unaweza kumwandikia. Itasomwa na askari kabla hajaipata, basi andika habari za watoto na mvua, ya kesi mwachie wakili.

Kesi ikiahirishwa, kwa kawaida atarudishwa mahakamani baada ya wiki mbili au pungufu. Tarehe hizo ni nafasi nyingine ya kumwona, na ya kuomba dhamana upya kama wadhamini walikataliwa.

Wote wakisema hawana habari naye

Saa 24 zikipita, umezunguka vituo na hospitali, na kila kitabu hakina jina, sasa acha kuuliza kwa mdomo. Fungua taarifa ya mtu aliyepotea kwenye kituo cha eneo alikochukuliwa, upewe RB. Andika barua kwa OCD na kwa kamanda wa polisi wa mkoa husika, ukieleza alichukuliwa wapi, saa ngapi, na nani aliona. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala nyingine peleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mashahidi waandike walichokiona wakati bado wanakumbuka namba za gari.

Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumtaka anayemshikilia mtu amfikishe mahakamani na aeleze kwa nini anamshikilia. Daftari lako la saa, majina na vituo ndilo atakaloliomba kwanza.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kuchanganywa na watu wazima. Sema umri wake kaunta mara moja, peleka cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na uombe afisa ustawi wa jamii aitwe. Kesi zake zinakwenda Mahakama ya Watoto, na mahabusu ya watoto ya Dar iko Upanga. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116. Aliyeshikwa akiwa raia wa nchi nyingine, ana haki ubalozi wake ujulishwe.

Siku anatoka

Alipoingia selo alivuliwa mkanda, viatu, pochi na simu, na vyote vikaandikwa. Asisaini kuvipokea kabla hajavihesabu hapo kaunta: simu iwashwe, laini iwemo, hela zihesabiwe mbele ya askari. Karatasi ya dhamana ipigwe picha, na tarehe ya kuripoti ibandikwe ukutani nyumbani kwa mdhamini, maana yeye ndiye atakayefuatwa.

Kama alikamatwa na pikipiki, kama Chidi, haitoki kwa dhamana ya mwenyewe. Ikiwa imeshikwa kama kielelezo, itabaki uani kwenye kituo mpaka mpelelezi au mahakama iseme iachiwe, na mwenye kadi ndiye anayepaswa kuiombea. Ya Chidi tuliifuata mara nne. Tulipoipata ilikuwa haina betri wala kioo cha kushoto, na kwa kuwa siku ile inaingia hatukuomba iandikwe ilivyo, hatukuwa na la kusema. Tuliisukuma mpaka Magomeni kwa fundi.